Karatasi Isiyotikisika

Bwenini, 14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naiandika nikiwa nimekaa wima, mgongo haujaegemea kitu, kwa sababu uliwahi kuniambia kwamba shikamoo ya mtu aliyelala ni nusu shikamoo. Homa niliyotoka nayo nyumbani iliniacha siku ya tatu. Mwaka huu nimepata kitanda cha chini. Juu yangu analala msichana tunayemwita Redio, maana akianza hazimiki. Baba alinisindikiza mpaka getini. Nilipomuuliza habari zako alisema, "Shangazi yako yupo," kisha akaanza kukagua kufuli la sanduku langu, kufuli ambalo alikuwa amelikagua mara mbili nyumbani.

Sasa nije kwenye jambo langu. Mwalimu wa Kiswahili ametuanzishia somo la sauti. Alikuja darasani na mshumaa, akauwasha, akausogeza karibu na midomo. Alipotamka "paa" ya mnyama, ule mwali wa moto ukainama. Alipotamka "paa" la nyumba, ukasimama palepale. Alisema wapo watu, hasa wazee, ambao katika baadhi ya maneno huzisindikiza p, t na k kwa pumzi, na pumzi hiyo inaitwa mpumuo. Vijana wengi hatuna tena habari nayo. Kila mmoja wetu anatakiwa achague mtu mzima mmoja ampime.

Nimekuchagua wewe. Nakumbuka likizo ile niliyokaa kwenye benchi nje ya mahakama nikikusubiri. Ulikuwa unaita majina bila kipaza sauti, na mimi nilikuwa nayasikia mpaka getini. Hakuna mtu ninayemjua mwenye pumzi kama yako.

Mshumaa hauruhusiwi bwenini, kwa hiyo tunatumia ukanda wa karatasi. Nimeufungia humu, pamoja na maneno kumi na mawili. Au kama ni rahisi zaidi, nipigie simu. Matroni huturuhusu kupokea simu ofisini kwake kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi.

Mtoto wako,
Chiriku

*

Mahakamani, 9 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na mgongo wako nimeuona umenyooka. Nafurahi homa imekwenda zake. Mwambie Redio kwamba hata redio husimamisha muziki wakati wa matangazo ya vifo.

Barua yako ilikaa masjala wiki nzima kwa sababu sipo tena kwenye meza yangu ya zamani. Nimehamishiwa chumba cha majalada. Kina dirisha moja, kiti kinacholia, na vumbi la miaka thelathini. Majalada ni watu wazuri, hawabishani. Anayeita majina sasa ni karani mpya, binti mpole mwenye sauti nyembamba kama uzi. Juzi aliita shahidi mara tatu akaandika kwamba hayupo, na shahidi alikuwa amekaa mbele yake anamenya chungwa.

Simu sitapiga. Usiniulize tena hilo katika kila barua. Wewe andika, nami nitaandika. Mwandiko wako unahitaji mazoezi, herufi zako zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani.

Karatasi nimeipata. Nipe muda.

Shangazi yako

*

Bwenini, 27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika polepole safari hii, utaona herufi zimesimama kila moja kwa miguu yake. Chakula ni kilekile. Redio ameshikwa na mafua, kwa hiyo bweni limepata utulivu wa siku nne.

Nimeufikiria sana uhamisho wako. Je, ulikosana na hakimu? Au unaumwa? Kama nimekukosea kwa kukuomba jambo la shule, niambie tu. Jumamosi tatu nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya Matroni, wala sikuwa nasubiri simu yako, nilikuwa nasoma. Lakini nilikaa pale.

Kuhusu ukanda: shika ncha ya juu kwa vidole viwili, ncha ya chini ining'inie mbele ya midomo, umbali wa upana wa vidole vitatu. Tamka neno kama unavyolitamka siku zote, kisha andika kama karatasi imeruka, imetikisika, au imetulia. Nimekuwa nikijipima mwenyewe hapa kitandani. Redio aliinamisha kichwa kutoka juu akaniuliza, "Wewe, siku hizi unaongea na karatasi? Na yenyewe inasemaje?" Nikamwambia inasema apige mswaki. Amenuna mpaka leo.

Mtoto wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 30 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Herufi zimesimama kweli, nimeona. Sijakosana na mtu, na wewe hujanikosea.

Habari za hapa ni chache. Jirani yangu fundi cherehani amenishonea skafu saba, moja kwa kila siku, na amekataa kunieleza kwa nini ya Jumatano ina maua makubwa kama sahani. Mimi siku hizi napenda skafu. Chai naiacha ipoe yenyewe mezani. Nalala mapema.

Nimefanya ulivyotaka, mbele ya kioo cha bafuni. Maneno yako kumi na mawili, kila moja mara tatu. Ukanda haukutikisika hata mara moja. Andika hivyohivyo ilivyokuwa, na mengine usiniulize.

Shangazi yako

*

Bwenini, 12 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya furaha! Nilikaa kwa Baba siku kumi za likizo na sote tuko salama. Nilimwonyesha barua yako. Aliisoma, akaikunja, akasema sahani hazijaoshwa. Zilikuwa zimeoshwa.

Lakini sikiliza. Katika darasa letu la wanafunzi arobaini na mmoja, hakuna mtu mwingine aliyepata karatasi iliyotulia kwa maneno yote. Hata watu wasio na mpumuo kabisa huitikisa kidogo kwenye "p". Yako haikutikisika hata mara moja katika majaribio thelathini na sita! Mwalimu alilitazama jedwali langu muda mrefu. Akaniuliza, "Una hakika alitamka kwa sauti yake ya kawaida?" Nikamjibu, "Mwalimu, shangazi yangu amewaapisha mashahidi kwa miaka ishirini na miwili. Hawezi kuandika jambo ambalo si kweli." Darasa zima wakapiga makofi.

Nimechaguliwa kusimama mbele ya wazazi na wakaguzi tarehe 17 Mei, kueleza kwamba nimepata mtu mzima ambaye matamshi yake hayana pumzi hata kidogo, jambo ambalo halimo kwenye kitabu chetu. Atakayeshinda ataenda kwenye maonyesho ya shule zote. Mimi, Shangazi, nikimaliza shule nataka kusomea sauti za watu. Sijamwambia mtu mwingine. Naona kama mlango umefunguka kidogo, na ufunguo umenipa wewe.

Mtoto wako,
Chiriku

*

Chumba cha majalada, 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa mahakama, anayepita huko kesho, kwa sababu posta haina haraka na mimi nimechelewa tayari. Nimeandika nyingine tatu nikazichana.

Usisimame mbele ya watu ukasema jambo lile.

Niliyokuandikia ni kweli, karatasi haikutikisika. Lakini ni kweli ya shahidi anayejibu alichoulizwa tu. Nimewaona wa namna hiyo miaka ishirini na miwili, na siku zote niliwadharau.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, nilifanyiwa upasuaji wa koo. Palikuwa na uvimbe mbaya. Waliutoa, na kisanduku cha sauti kikaenda nao. Sasa napumua kwa tundu dogo hapa chini ya shingo, ndiyo maana ya skafu. Pumzi yangu haipiti tena mdomoni. Siwezi kupuliza chai. Siwezi kuzima kiberiti. Mbele ya kioo nilichezesha midomo tu, maneno yote kumi na mawili, na karatasi ikanitazama kama mgeni asiyejua lugha.

Nilimkataza baba yako asikuambie. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye akinifikiria ananisikia. Basi. Ugonjwa wenyewe madaktari wanasema umetoka wote, usilie kwa hilo.

Nimekuharibia. Nisamehe.

Shangazi yako

*

Bwenini, 20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 9. Ulisema nisilie kwa ugonjwa, kwa hiyo sikulia kwa ugonjwa. Nililia kwa sababu nilikuandikia kuhusu pumzi yako, halafu nikakutumia karatasi uipulize. Redio alishuka kutoka juu, akakaa miguuni pangu bila kusema neno, dakika nyingi. Ujue basi hali ilikuwaje.

Siri yako sijaitoa. Tarehe 17 nilisimama nikaeleza mwali na karatasi na vipimo vya wenzangu. Nilipofika kwenye kile changu nikasema, "Kipimo hiki nakiondoa. Nilimpima mtu kabla ya kumuuliza hali yake. Kosa ni langu." Mkaguzi mmoja akaandika kitu. Zawadi ya kwanza alipewa msichana aliyetengeneza kichujio cha maji, na kweli kinachuja. Maonyesho sitakwenda. Hujaniharibia kitu, Shangazi, mlango uko palepale, nitaingia kwa miguu yangu.

Mwalimu aliniita baadaye. Nilimwuliza kama swali la kawaida, bila kukutaja: mtu akitolewa kisanduku cha sauti, anaweza kusema tena? Alinitazama, hakuniuliza ni nani. Jana alinijia na kitabu kikubwa. Kumbe watu hao hufundishwa kusema kwa hewa iliyomo mdomoni. Wanaibana, wanaisukuma nyuma kwenye njia ya chakula, inarudi juu na sauti. Na herufi za kuanzia ni p, t na k! Ni zilezile, Shangazi. Hazihitaji mapafu ili zibanwe, midomo na ulimi vinatosha. Je, hospitali hawakukuambia?

Mtoto wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 25 Juni

Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma sehemu ya mkaguzi mara nne. Baba yako alikuja Jumapili, nikampa aisome na yeye. Akaomba maji ya kunywa, akanywa glasi mbili.

Hospitali waliniambia. Yupo mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mchangamfu mno. Nilikwenda mara mbili, ya tatu sikwenda. Nikueleze kwa nini, maana sitaki kukuficha kitu tena. Unajua sauti hiyo inatokaje? Ni kucheua. Unameza hewa na unacheua neno. Mama yule alinipigia makofi: "Vizuri sana, cheua tena!" Mimi, niliyewahi kumtoa mtu nje ya mahakama kwa kupiga mwayo mbele ya hakimu, leo nikacheue hadharani nishangiliwe kama mtoto mchanga begani kwa mamake? Hapana. Nina kalamu, nina daftari dogo, nina kengele mezani. Mbuzi wanaishi na kengele, nami nitaishi.

Usinisukume.

Shangazi yako

*

Bwenini, 10 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sikusukumi. Nakueleza tu habari za bwenini.

Nilitaka kujua kitu hiki kikoje kabla ya kukiongelea, maana nimejifunza. Nikajifungia bafuni nikajaribu: nikabana hewa kwa "p", nikaimeza, nikairudisha. Siku mbili sikupata kitu ila kwikwi. Siku ya tatu nikasema "papai". Sauti yake ilikuwa nene kama ya chura mwenye cheo. Redio alikuwa nje ya mlango. "Nani kafia humo?" Ilibidi nimfundishe ili anyamaze, naye akawafundisha wengine, na Jumapili baada ya chakula bweni zima lilikuwa linacheua alfabeti. Matroni akaingia. "Kuna nini humu, zizi la ng'ombe?" Redio akasimama, akajibu kwa sauti hiyohiyo, "Tu-ta-ka-a ki-mya." Matroni alitoka mbio kwenda kucheka nje ambako alidhani hatumwoni. Tumepewa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima.

Jambo moja nililoliona, Shangazi: siku ya kwanza kila mtu alicheka ile sauti. Siku ya tatu tulikuwa tunaombana sabuni kwa sauti ileile, na anayeombwa anatoa sabuni.

Nimefungia orodha mpya, maneno mafupi tu: pita, papa, tatu, kata, kaka, taka, paka, pete. Na ukanda mpya wa karatasi nyepesi, ile ya kufungia sabuni. Safari hii si kipimo cha shule. Ni wako. Ukitaka kuutupa, utupe.

Siku ya kutembelewa ni tarehe 11 Oktoba. Sisemi kitu.

Mtoto wako,
Chiriku

*

Chumba cha majalada, 2 Septemba

Chiriku,

Marahaba, na pole kwa uwanja.

Sikuandika Agosti kwa sababu sikutaka kuandika nusu ya habari. Nimerudi kwa yule mama mchangamfu. Nilimwandikia masharti kwenye daftari: asinipigie makofi. Anavumilia, ila mikono yake naiona inavyowasha. Nafanya mazoezi asubuhi, kabla fundi cherehani hajaamka, maana ukuta wetu ni mwembamba. Wiki ya pili karatasi ilitikisika kwa "p", kidogo, kama inzi amepita karibu yake. Wiki ya tano iliruka kwa "t". Hewa ya shavuni ni ndogo, mwanangu, kama ya kupulizia punje ya mchele, lakini ni yangu.

Wiki iliyopita wakili mmoja aligonga mlango wa majalada. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye kengele. Nikauzuia. Nikasema, "Pita."

Akapita. Halafu akasimama katikati ya chumba akizungusha macho, juu ya kabati, nyuma ya mlango, akimtafuta aliyesema. Alipojua ni mimi alinikodolea macho, hapa shingoni, mpaka nikampa jalada ambalo hakuliomba ili aondoke.

Kwa hiyo nimejua mambo mawili siku moja. Naweza. Na nikiweza, watu hukodoa macho. La pili bado sijalimeza. Tarehe 11 usinisubiri getini. Mazoezi nitaendelea nayo, hilo nakuahidi, lakini getini kwenu kuna wazazi mia tatu.

Shangazi yako

*

Bwenini, 14 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua ulikuwepo na uliona kila kitu, lakini nataka ukione kutoka upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa unatazama chini.

Sikukusubiri getini. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na Redio na mama yake, ambaye naye hazimiki. Nikaiona skafu yenye maua makubwa kama sahani, na haikuwa Jumatano. Nilikimbia. Nilipofika ulikuwa tayari mbele ya meza ya Matroni pale getini, foleni ndefu nyuma yako, na daftari lako dogo ulikuwa umelishika lakini hukulifungua.

Matroni alikuwa ameinama anaandika kwenye kitabu cha wageni, kama alivyoandika tangu asubuhi. Akauliza, "Umekuja kwa nani?" Ukaninyooshea kidole. Hakukiona, alikuwa anaandika, ila mimi nilishafika, nikasema, "Kwangu." Akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi nikujibie. Ukanigusa bega, kwa uzito, kama unavyomgusa mtu anayetaka kusimama kabla hajaitwa. Baba mmoja kwenye foleni alikohoa. Ukafunga midomo, nikaona shavu lako likijaa, shingo ikapanda na kushuka chini ya skafu, kisha ikatoka, nene na ya kukwaruza, vipande vitatu vyenye nafasi katikati:

"Sha. Nga. Zi."

Neno hilo halikuwemo kwenye orodha yangu yoyote. Halina p, halina t, halina k. Sijui ulilifanyia mazoezi asubuhi ngapi kabla fundi hajaamka, na sitakuuliza.

Nilikuwa namtazama Matroni. Nilijiambia akikodoa macho nitasimama mbele yako nikuzibe. Akaandika "shangazi". Akapiga mstari chini yake, akageuza ukurasa.

"Haya, karibu, shangazi," akasema, bado ameinama. "Benchi za kivulini zimejaa, jaribuni nyuma ya maktaba. Anayefuata!"

Mtoto wako,
Chiriku